Majaribio ya vitengo

Majaribio ya vitengo ni njia ya kukagua programu ya kompyuta kwa kupima kila sehemu ndogo ya msimbo wake peke yake. Jaribio lenyewe ni msimbo mfupi: huipa sehemu hiyo data fulani, kisha hulinganisha jibu lililopatikana na jibu linalotarajiwa. Kama jaribio linaandikwa kabla ya msimbo unaopimwa, mtindo huo huitwa kutanguliza majaribio.

Njia hii hutumika sana katika programu huria za wavuti, kwa sababu msimbo wake hubadilishwa na watu wengi wasiofahamiana.

Historia

Mwaka 1994 Mmarekani Kent Beck alieleza SUnit, mfumo wa majaribio kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma kutoka Uswisi walianza kuandika JUnit, kwa ajili ya lugha ya Java, wakiwa safarini ndani ya ndege. Muundo wake uliigwa katika lugha nyingine nyingi. Kitabu cha Beck kuhusu kutanguliza majaribio kilitolewa mwaka 2002.

Hatua

Kazi hufanyika kwa hatua tatu zinazorudiwa:

1. Jaribio huandikwa na kuendeshwa. Hushindwa, kwa kuwa msimbo haujakuwepo.
2. Msimbo wa kutosha tu kufaulu jaribio huandikwa.
3. Msimbo husafishwa, na majaribio yote huendeshwa tena.

Mfano ni programu ya kugeuza saa za kimataifa kuwa saa za Kiswahili. Mwandishi anaweza kudhani kwamba inatosha kutoa 6: 07:00 huwa saa 1 asubuhi, na 13:00 huwa saa 7 mchana. Lakini 06:00 hutoa 0 badala ya saa 12, na 19:00 hutoa 13 badala ya saa 1 usiku. Mtu aliyeandika kwanza majaribio ya saa hizo huliona kosa kabla halijamfikia mtumiaji.

Matumizi Dar es Salaam

OpenStreetMap ni ramani huria ya dunia iliyoanzishwa na Steve Coast nchini Uingereza mwaka 2004. Kata ya Tandale, Kinondoni, ilichorwa humo mwaka 2011. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi, walichora nyumba, njia na mifereji ya kata zinazokumbwa na mafuriko.

Tovuti ya OpenStreetMap imeandikwa kwa Ruby on Rails. Mtu akipendekeza badiliko la msimbo wake, majaribio huendeshwa yenyewe kabla badiliko halijakubaliwa. Baadhi yake hupima namba za toleo. Kila kitu kwenye ramani kina namba ya toleo. Watu wawili wakihariri mfereji uleule kwa wakati mmoja, anayetuma wa pili akiwa na toleo la zamani hukataliwa. Kanuni hiyo ikiharibika bila kugunduliwa, kazi ya mchoraji mmoja inaweza kufutwa na ya mwingine, na wapangaji wa kukabili mafuriko wakabaki na ramani yenye pengo.

Mipaka

Majaribio huthibitisha tu yale ambayo mwandishi alikumbuka kuyauliza. Jaribio lenye jibu lisilo sahihi hulinda kosa badala ya kulifichua. Vitengo vinaweza pia kufaulu kimoja kimoja na kushindwa vikiunganishwa, hivyo majaribio ya mfumo mzima huhitajika pia.

Aidha, majaribio hayapimi ukweli wa data. Programu inaweza kufaulu majaribio yote na bado ikahifadhi mfereji ambao haupo Tandale. Kosa la namna hiyo hugunduliwa na mtu aliyefika mahali penyewe, au anayeishi hapo.