Kindu na Goma: kwa nini chumvi ni bei na muchele si bei



Ndugu akirudi kutoka Goma, siku ya kwanza anasemaka: «Kindu maisha ni rahisi.» Wiki mbili nyuma, akiisha kununua sabuni, chumvi na bati, anasema: «Kindu maisha ni bei sana!» Mara zote mbili anasema kweli. Hesabu hiyo inatoka mbali.

Muji wetu ulikomaa juu ya reli na mto. Mwaka 1906 kampuni ya CFL ilimaliza reli ya Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125; kutoka pale mashua zilipanda Lualaba mpaka Kindu. Mwaka 1911 ikafungua reli ya Kindu–Kongolo, kilometa 355. Vitu vya kiwanda viliingia kwa njia hizo. Muchele na mawese vilitoka kwa njia hizo hizo.

Vita ya 1998 ilikata njia. Muji ulianguka mwezi wa 10, na treni ya Lubumbashi haikufika tena mpaka 2004. Miaka ile chumvi ilikuja kwa ndeke, ao juu ya kinga, wanaume wakiisukuma siku nyingi porini. Treni ilirudi, lakini inakawia sana. Njo maana mfuko wa sementi ungali unabeba bei ya safari yake.

Goma iko mpakani. Tunasema Goma ya mbele ya Januari 2025, banki zikiwa zingali wazi. Kule sabuni na nguo vinafika na gari kutoka Uganda na Rwanda. Lakini nyumba inalipwa kwa dola, na garanti ya miezi juu yake, na chakula kinatoka mbali. Kwa kifupi: Goma nyumba na chakula vinakula feza, Kindu ni vitu vya kiwanda.

Tunaandika hii kwa sababu wamoja wameomba tupunguze musaada wa wanaorudi, «juu Kindu chakula ni rahisi». Ni rahisi kwa mwenye shamba. Anayerudi hana shamba bado. Mpaka avune mupunga wake wa kwanza, ananunua vyote, hata sombe.

Kwa mukutano ujao, wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli walete bei ya vitu vitano: muchele, mawese, chumvi, sabuni, bati. Tena tuulizane: likelemba yetu haiwezi kununua chumvi kwa mifuko, tugawane? Musaada tuupime na bei za soko letu, tusiupime na maneno ya siku ya kwanza.