Bunduki mikononi mwa raia: sheria ya Congo inasema nini, na ju ya nini watu hawasikilizani

Kila mara kijiji kinaposhambuliwa usiku, swali linarudi lile lile: raia apewe bunduki ajilinde mwenyewe, ao silaha zote zikusanywe zibaki kwa jeshi na polisi peke yao? Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, swali hilo linagusa maisha ya watu wa shamba, wa soko na wa barabara kila siku. Hii hapa ni mambo ya msingi ambayo mutu anapaswa kujua mbele ya kuingia katika mabishano hayo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya silaha inayojulikana zaidi ni ile ya tarehe 3 Septemba 1985, namba 85-035. Inatenganisha silaha za vita na silaha zingine kama bunduki ya kuwinda. Raia anaweza kuwa na bunduki ya kuwinda ikiwa iko na kibali cha serikali. Silaha ya vita, kama vile kalashnikov, si ya raia. Mwaka 2004, Congo ilitia saini pia Mkataba wa Nairobi ju ya silaha ndogo ndogo, wenye kukataza raia kumiliki bunduki zinazojifyatua mfululizo na kuomba kila silaha ya serikali itiwe alama ili ijulikane ilitokea wapi.

Kwa hiyo, kwetu silaha si haki ya kila mutu kama wanavyosema Wamarekani wengi kwa kutegemea katiba yao. Kwetu ni ruhusa, na serikali inaweza kuikatala.

Tena tangu tarehe 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Mutu anayekamatwa na silaha ya vita nyumbani hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba alikuwa anaogopa wezi.

Bunduki hizo zilitoka wapi?

Mwaka 1994, wanajeshi walioshindwa Rwanda pamoja na Interahamwe walivuka mpaka, na silaha nyingi zikaingia pamoja nao. Kisha zikaja vita ya AFDL ya 1996 na ile ya 1998. Kila kikundi kilipewa silaha na rafiki zake, na vita ilipokwisha, si zote zilirudishwa. Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulikataza kupelekea silaha vikundi vya Kivu na Ituri. Hata hivyo zinaendelea kuzunguka: zinavushwa mpakani, zinanyanganywa vitani, ao zinauzishwa na watu wenye uniformu.

Wenye kusema raia ajilinde

Hawa wanategemea kifungu cha 63 cha Katiba, chenye kusema kwamba kila Mkongomani iko na haki na wajibu mtakatifu wa kulinda nchi yake. Wanauliza: kama kambi ya jeshi iko mbali mwendo wa siku moja, na washambuliaji wanafika saa nane ya usiku, nani atafika kwanza? Kwao, kumunyanganya kijana wa kijiji bunduki wakati adui angali na yake ni sawa na kumuacha mikono mitupu.

Wenye kukatala

Hawa wanaonyesha kifungu cha 190 cha Katiba hiyo hiyo: hakuna ruhusa ya kuunda kundi la kijeshi la binafsi wala kulisha vijana wenye silaha, na mwenye kufanya hivyo anahesabiwa kuwa musaliti wa nchi. Wanakumbusha kwamba vikundi vingi vilianza kwa kulinda kijiji, vikamalizia kwa kutoza watu barabarani. Ugomvi wa shamba uliokuwa unaishia kwa shefu kwa maneno, bunduki ikiwapo, unaishia kaburini.

Wazalendo wako wapi katika sheria?

Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliomba vijana wajipange katika vikundi vya ulinzi ili kusaidia jeshi dhidi ya M23. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya kuunda jeshi la akiba, RAD, ndani ya FARDC. Lakini kuitwa Mzalendo na kuandikwa katika jeshi la akiba ni mambo mawili. Mwenye kuandikwa iko na mukubwa anayemuamuru, na akikosa anajulikana. Mwenye bunduki asiyeandikwa popote, raia aliyeonewa hajui amushitaki kwa nani. Hapo ndipo sehemu kubwa ya mabishano ya leo iko.

Kukusanya silaha

Tangu 2004 kulikuwa programu kadhaa za kunyanganya silaha na kurudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia. Katika Katanga, shirika la PAREC lilibadilisha bunduki kwa baiskeli. Wengi walitoa silaha, lakini kuko pia waliorudi porini kwa kukosa kazi ao kwa kuona jirani hakutoa yake. Ndiyo sababu P-DDRCS, iliyoundwa Julai 2021, ilipewa kazi ya kurudisha wapiganaji kwa kupitia jamii zao. Bila usalama, kijiji kimoja hakiwezi kutoa silaha peke yake.

Ukikuta silaha

Usiiguse, usiibebe, usiruhusu watoto wakaribie. Bomu la mkono lililolala miaka kumi lingali linaua. Weka alama mbali kidogo nayo, kumbuka mahali, kisha julisha shefu wa kijiji, polisi ao watu wenye kazi ya kutegua mabomu. Kuipeleka nyumbani, hata kwa nia nzuri, kunaweza kukuletea kifo, na ukipona, kesi.