Haramia wa Kanda na Santuri za Mbaraka Mwinshehe

Santuri za Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji wa Morogoro aliyefariki mwaka 1979, zilitolewa Nairobi, kwani Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, zikaadimika. Kwa msikilizaji wa mbali, tuseme wa Bukundi huko Usukumani, ilisalia redio, au kanda iliyonakiliwa kutoka santuri iliyokwisha kuchakaa.

Juu ya kanda hizo wapenzi wa muziki hubishana. Mmoja asema ni wizi. Mwenzake ajibu kwamba pasipo wizi huo nyimbo nyingi zingalipotea. Neno lenyewe, haramia, limetoka katika Kiarabu, nalo kwetu ni mnyang'anyi, hasa wa baharini. Kwa mfanyabiashara aliyeuza nakala bila kumlipa mtunzi, naona lamfaa. Lakini aliyemnakilia jirani yake asiyekuwa na pa kununua, je, alimnyang'anya nani? Kiswahili hakijampa jina. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Kwa hesabu hiyo haki ya warithi wa Mbaraka yafika mwaka 2029.