Mlango wa Landrova

Kule Marekani, tangu mwaka 2014, lipo daftari la taifa la magari ya kihistoria. Gari likiingizwa humo hupimwa, hupigwa picha, na habari zake huhifadhiwa katika Maktaba ya Bunge. La kwanza lilikuwa gari la mashindano, Shelby Cobra Daytona. Niliposoma hayo nilicheka, kisha nikatoka nje kuitazama Landrova ya babu jirani.

Hapa Lagangabilili tunaiita mia na tisa. Hizo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kipimo cha Landrova ndefu zilizotengenezwa hadi mwaka 1985. Na usidhani, msomaji, kwamba nimeiacha Marekani. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani shambani kwake, na gari la kwanza la majaribio liliundwa juu ya chesisi ya Jeep. Mia na tisa ni mjukuu wa Jeep, itake isitake.

Huku Usukumani ilipita palipokuwa na njia ya ng'ombe tu. Ilibeba mgonjwa, pamba, mbuzi wa mnada na maharusi, siku nyingine vyote kwa mkupuo. Shuleni tulikaririshwa kwamba TANU ilikatazwa huku kuanzia 1954 hadi 1958, kwamba ushirika mkuu wa pamba wa akina Paul Bomani uliundwa 1955, kwamba serikali ilivunja vyama vya ushirika 1976. Tarehe tupu. Hakuna aliyetuambia watu walifikaje mkutanoni.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wanayo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni, kisha na Mwalimu Nyerere. Vizuri. Ila gari la mwananchi je? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, wakati motokaa ya Benz ilisajiliwa 1886! Inalinda pia milango ya mbao ya kuchonga ya kabla ya 1940. Mlango wa Landrova, wapi!

Oktoba 2024 Arusha walifanya tamasha la Landrova, zikaja kwa mamia. Lakini tamasha hukusanya zinazotembea. Ya babu haitembei.

Baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza, ndipo bodi zikafanywa za aluminiamu. Kwa hiyo mvua zote hizi hazijaitoboa, na kwa hiyo hiyo wanunuzi wa vyuma chakavu huianza yenyewe. Huyeyushwa, ikamiminwa sufuria. Wiki iliyopita mlango wa kushoto uliuzwa kwa kilo.

"Babu, si ungengoja kidogo?"

"Nimengoja tangu injini ife, mjukuu wangu. Wewe ungeununua kwa kalamu?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua futi kamba na daftari langu, nikapima, yeye akanitajia safari moja moja, na alikopitia masika. Mlango wa kulia bado upo.