Ukuta wa Mbao: Apollo wa Delphi na Watu wa Athens

Leo twaenda Ugiriki ya kale, mwaka 480 kabla ya kuzaliwa Kristo.

Wagiriki wa zamani walikuwa na miungu mingi. Mmoja wao ni Apollo, mungu wa muziki, uganga na uaguzi. Hekalu lake mashuhuri lilikuwa Delphi, kwenye mteremko wa mlima Parnassus. Humo alikaa mwanamke aliyeitwa Pythia, na watu walisadiki kuwa Apollo husema kwa kinywa chake.

Mwaka ule Xerxes, mfalme wa Uajemi, alikuja kuipiga Ugiriki kwa jeshi kubwa sana. Watu wa Athens wakatuma wajumbe Delphi. Jibu la kwanza liliwavunja moyo: wakimbie, waende mbali. Wajumbe hawakukubali kurudi na neno hilo, wakaomba tena. Mara ya pili wakaambiwa kwamba ukuta wa mbao hautatekwa.

Je, ukuta wa mbao ni nini? Hapo ubishi ukazuka. Wazee wengine walisema ni ua uliozunguka kilima cha Acropolis hapo zamani. Lakini Themistocles alisema, "Ni marikebu zetu."

Miaka michache nyuma, fedha nyingi ilipatikana katika machimbo ya Laurion. Watu walitaka kugawana. Themistocles akawashawishi waitumie kuunda marikebu za vita. Herodotus, mwandishi wa historia, asema zilikuwa 200.

Watu wakafanya shauri, wakamkubali Themistocles. Wake na watoto wakavushwa baharini mpaka Troezen, Aegina na Salamis. Wachache walibaki Acropolis, wakaziba njia kwa mbao. Waajemi wakawaua, wakachoma mahekalu. Lakini katika bahari nyembamba ya Salamis, marikebu za Wagiriki zilishinda.

Angalieni basi, ndugu zangu. Neno la Delphi lilikuwa moja, na wote waliliamini. Waliokufa kilimani waliliamini sawasawa na walioshinda baharini. Lakini wale wa baharini walikuwa na marikebu walizokwisha kuziunda kabla ya kwenda kuuliza.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini wajumbe waliomba jibu la pili?
2. Kama fedha ya Laurion ingaligawanywa, ingalikuwaje?