Siku ya Kuhesabu Mimea Itigi

Katika miaka kumi ya kikundi chetu tumefanya mengi, lakini safari ya Itigi ndiyo inayoulizwa zaidi: hivi akina mama wa kuweka na kukopa mlifuata nini porini?

Vichaka vya Itigi, magharibi ya Manyoni kwenye Reli ya Kati, si pori la hivi hivi. Vimesongamana hata mtu hapiti bila kuinama, na kiangazi vyote hupukutika majani. Vichaka vya namna hiyo viko huku kwetu na kaskazini ya Zambia tu. Humo mna mti mdogo uitwao na wataalamu Burttia, kwa heshima ya B. D. Burtt, Mwingereza aliyekusanya mimea ya nyanda hizi wakati wa utafiti wa mbung'o, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege Singida mwaka 1938.

Sehemu kubwa imekwisha fyekwa kwa mashamba na mkaa. Basi tukajitolea. Tulifunga kanga viunoni, tukavuta kamba kupima viwanja, tukahesabu shina kwa shina na kuandika. Jua kali, miiba tele, lakini hakuna aliyerudi nyuma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi chetu kimesimama kwa daftari. Pori nalo ni akiba, na sisi tunaopikia mkaa ni wakopaji wake. Mkopaji mwema hujua salio, tena hurejesha. Akina mama, mwaka wa kumi na moja tuuanze kwa kupanda.