Tarakilishi inapodai haina diski wakati wa kusakinisha Windows

TANGU Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, wengi wamehamia Windows 11, na baadhi yao wamekwama hatua ile ile: wanapotakiwa kuchagua diski, orodha ni tupu. Wanaambiwa hakuna diski iliyopatikana. Mwenye kipakatalishi hukata shauri kwamba diski imekufa, na fundi asiye mwaminifu hatampinga, maana anayo nyingine ya kuuza.

Kabla ya kutoa pesa, ingia kwenye BIOS, yaani ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuanza. Diski ikitajwa humo kwa jina na ukubwa wake, yaelekea ni nzima. Kinachokosekana ni draiva, programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kidhibiti cha diski. Isipoonekana hata huko, hapo ndipo shaka iwe juu ya diski yenyewe au mahali ilipochomekwa.

Tatizo lenyewe ni kongwe. Windows XP ya mwaka 2001 haikuja na draiva ya AHCI, utaratibu ambao baadaye ulienea kwenye tarakilishi mpya. Fundi alilazimika kubonyeza F6 mapema na kutia flopi yenye draiva; aliyechelewa alipokewa na skrini ya buluu yenye nambari 0x0000007B. Vista ilipokuja mwaka 2007 ilikubali draiva kutoka kwa CD au flashi, na flopi ikasahaulika. Kisha Intel ikaleta VMD kwenye vipakatalishi vyenye prosesa za kizazi cha 11, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2020. VMD huziweka diski za NVMe nyuma ya kidhibiti chake, na flashi nyingi za kusakinishia Windows hazina draiva yake.

Dawa ni kutumia tarakilishi nyingine kufungua tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, kutafuta modeli yako hasa, na kupakua draiva ya Intel Rapid Storage Technology. Hapa ndipo wengi hukosea: faili yenye kiishio cha exe haifai kitu wakati huo. Sharti uifungue hadi upate folda yenye faili za inf, kisha uinakili kwenye flashi. Ukirudi penye orodha tupu, bonyeza “Load driver”, ielekeze kwenye folda hiyo, na diski itajitokeza.

Wapo wanaopenda njia ya mkato ya kuzima VMD katika BIOS, au kubadilisha RAID iwe AHCI. Kwa diski moja isiyo na kitu cha thamani, sioni ubaya. Lakini Windows iliyokuwamo tayari huenda ikagoma kuwaka na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwa kawaida ukirudisha mpangilio wa awali itaamka. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, huenda ukadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hivyo utafute kabla ya kugusa chochote.

Hatari kubwa iko kwenye mashine zenye RAID ya kweli, jina lililotolewa na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala yao ya 1988. Katika RAID 0, kila faili kubwa hukatwakatwa na vipande vyake kugawanywa kati ya diski mbili au zaidi. Ukizima RAID, Windows huziona kama diski mbalimbali zisizo na mpangilio unaoeleweka, nayo inakualika uziandae upya. Anayekubali mwaliko huo huanza kuzifuta hesabu za biashara zilizokuwa salama dakika moja kabla. Vivyo hivyo, kufuta kundi la RAID kwenye menyu ya kidhibiti ili “kuanza upya” kwaweza kupoteza kila kitu. Ikiwa data ni muhimu na huna nakala mahali pengine, rudisha mpangilio ulivyokuwa, zima mashine, umtafute mtu wa kunakili data kwanza. Windows itasubiri.